Si Kila Ndoto Mbaya Ni Jini

Miaka ile jirani yangu hapa Katubuka aliota ndoto za kutisha kila usiku. Tukasema ni majini. Akasomewa ruqya, akaacha dawa za UKIMWI, akadhoofika.

Kidonge chake kilikuwa na efavirenzi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba dawa hiyo hugusa vipokezi vya serotonini katika ubongo, vilevile vinavyoguswa na LSD, kilevi kilichotengenezwa maabara mwaka 1938. Tangu 2019 Tanzania imewahamishia wagonjwa wengi kwenye dolutegraviri.

Kisomo ni kheri, wala hakimzuii mtu kwenda kliniki. Ndoto zikikusumbua usiache dawa. Mweleze daktari, ataangalia kama inafaa kubadilishwa.