Barua ya Mtoto ni Mali ya Mtoto

Watu wa Maganzo wamezoea kuona vitu vya thamani vikitoka kwao na kwenda mbali. Tangu Dkt. John Williamson, Mkanada, alipogundua almasi za Mwadui mwaka 1940, mawe ya nchi hii yamefika hata kwa masonara wa Ulaya. Almasi moja ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5, ilipatikana mwaka 1947, ikatolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo huo. Lakini leo hatutaki kusema juu ya almasi. Twataka kusema juu ya kitu kingine kidogo kitokacho katika vijiji vyetu kwenda ng'ambo, nacho ni barua ya mtoto wa shule kwa mfadhili wake.

Desturi hii ya ufadhili si mpya. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies, alianzisha shirika la kuwasaidia watoto walioteswa na vita, kila mtoto akiwa na mfadhili wake wa kumwandikia. Shirika hilo ndilo liitwalo leo Plan International, nalo lilianza kazi Tanzania mwaka 1991. World Vision lilikuwa limekwisha kufika mwaka 1981, na Compassion lilifuata mwaka 1999. Liko pia Unbound, lililoanzishwa na Wakatoliki walei huko Marekani mwaka 1981, ambalo nalo lina watoto katika nchi yetu.

Je, msaada huo wafaa kitu? Mwaka 2013 wataalamu wa uchumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 10,144 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliona ya kuwa wale waliofadhiliwa utotoni na Compassion walikuwa wamesoma kwa wastani mwaka mmoja hadi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi ya vile ambavyo wangesoma bila ufadhili. Hilo si jambo dogo. Lakini sare na madaftari hulipiwa kwa fedha, wala si kwa barua. Basi kwa nini mtoto aandike?

Wengine hujibu ya kwamba barua ni stakabadhi: mfadhili ametoa, naye mtoto athibitishe kuwa amepokea. Wengine husema ni ombi, maana asiyelia hapewi. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yana makosa, na kwamba makosa hayo yawadhuru watoto wetu.

Tazameni jinsi barua zinavyoandikwa mara nyingi. Watoto huitwa pamoja, hupewa karatasi na kalamu, na maneno huandikwa ubaoni ili wote wayanakili: "Mimi sijambo, naendelea vizuri na masomo, nashukuru kwa msaada wako, Mungu akubariki." Kila mmoja hubadilisha jina tu. Barua arobaini zikiandikwa hivyo, zote ni barua moja, wala hakuna mtoto hata mmoja ndani yake. Nyumbani nako mzazi mwingine humwambia mtoto aongeze ya kuwa hawana chakula, hali mtama umo ghalani. Mtoto huandika, kwa maana amefundishwa kutii.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu amfundishaye mtoto kuandika hivyo anamfundisha kuuza umaskini wake. Mtoto akizoea tangu miaka tisa kwamba shida ndiyo impatiayo kitu, atakapofika miaka ishirini atafanya nini ila kumtafuta mtu wa kumwonyesha shida? Tena amri ya nane ya Mungu haikuweka ruhusa ya kumdanganya mtu kwa sababu yuko mbali.

Uongo wa namna hii una matunda machungu hata kwa wale wenye nia njema. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilitoa habari ndefu juu ya mashirika ya ufadhili. Waandishi wake walikuwa wamejiandikisha kuwa wafadhili, kisha wakaenda kuwatafuta watoto wao. Huko Mali iligunduliwa ya kuwa mtoto mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa radi, hali fedha zilizidi kupokewa kwa jina lake na mfadhili hakuambiwa neno. Jina lilikuwapo, picha ilikuwapo, lakini mtoto hakuwapo. Barua iliyonakiliwa ubaoni hukaribia hali hiyo, kwa kuwa mtu yeyote angeweza kuiandika.

Mwalimu wetu wa barua

Sisi Wakristo tunaye mwalimu mkubwa wa barua. Mtume Paulo alikuwa kifungoni Wakristo wa Filipi walipomtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Barua aliyowaandikia tunayo hata leo, na kila mzazi aweza kuifungua katika Biblia yake. Akiisoma kwa makini ataona mambo matatu.

Kwanza, Paulo haanzi na zawadi. Anaanza kwa kuwaombea wale ndugu, kisha anawapa habari za kifungo chake, na habari za Epafrodito, ambaye aliugua nusura afe, naye sasa amepona. Shukrani kwa ule msaada yaja karibu na mwisho, katika sura ya 4. Pili, anashukuru bila kujidhili. Awaambia ya kuwa amejifunza kuishi katika wingi na katika uhaba, na kwamba haitafuti zawadi yenyewe. Tatu, anawahesabu Wafilipi kuwa washiriki wake katika kutoa na kupokea. Aliyepokea msaada hasemi kama mtu asiye na kitu. Yeye naye anatoa, na alichotoa ni ile barua.

Tukumbuke pia ya kuwa Paulo alikuwa na waandishi wa kumsaidia. Hata hivyo, mwishoni mwa barua kwa Wagalatia anataja kwamba anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu na katekista waweza kumsaidia mtoto katika tahajia, bali habari ziwe za mtoto.

Namna ya kuandika

Mtoto na achague jambo moja aliloliona au alilolitenda yeye mwenyewe. Tuseme mtoto wa darasa la nne pale Maganzo ameandika hivi: "Juzi tulikata viazi na mama, tukavianika juu ya jiwe viwe michembe. Mbuzi wa jirani akaja akavila vingi. Mama alikasirika, lakini mimi nilicheka. Je, kwenu mnakula viazi?" Barua hiyo ni fupi, lakini mfadhili ameona nyumba, mama, kazi, chakula na kicheko cha mtoto. Tena ameulizwa swali, naye atapenda kujibu.

Shukrani ziwe za kitu kinachojulikana. "Daftari la hesabu nimelimaliza" yapita "nashukuru kwa yote". Shida nazo zisifichwe zikiwapo kweli. Mvua isipokuja Kishapu, mtama hukauka, na mtoto aweza kusema hivyo. Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope kuingia katika mashamba na makazi, mtoto aliyeliona angeweza kulieleza kama alivyoliona. Kueleza jambo si kuomba. Aelezaye humwacha msomaji huru. Aombaye humshika mkono.

Heshima ya kwetu isiachwe. Mtoto wa Kiafrika hamwiti mtu mzima kwa jina tupu, hata kama mfadhili mwenyewe ametia sahihi ya jina moja tu. Na amwandikie Mama, au Baba, au Babu akiwa mzee, na aanze na shikamoo. Wazazi wasihofu, kwa kuwa hiyo ni heshima ya umri, wala haimwondoi aliyemzaa. Mtoto wa Kisukuma akitaka kumaliza kwa kusema wabeja, mfasiri aliache neno hilo lilivyo na kuandika maana yake pembeni, ili mfadhili ajue ya kuwa ameshukuriwa kwa lugha ya nyumbani.

Lakini heshima haiondoi tahadhari. Barua zipite katika ofisi ya shirika. Namba za simu na maelezo ya mahali mtoto anapolala yasiandikwe. Na mtu yeyote wa ng'ambo, hata akiwa mwema namna gani, akimwomba mtoto wazungumze kwa siri katika simu, mtoto amwambie mzazi siku ile ile, na mzazi aiarifu ofisi. Picha nayo ipigwe mtoto akiwa amevaa vizuri, kwa ridhaa yake na ya wazazi wake.

Katika nyumba nyingi mtoto mmoja ana mfadhili na ndugu zake hawana. Wivu huanza siku barua inapofika. Mzazi mwenye busara atawakusanya wote waisikilize, na katika jibu atamwachia mdogo achore ng'ombe au mbuyu penye nafasi. Hivyo barua itakuwa furaha ya nyumba nzima.

Pengine jibu halifiki. Barua husafiri njia ndefu: hupita ofisini, hufasiriwa, hupelekwa ng'ambo, na miezi hupita. Wako pia wafadhili wanaotuma fedha kwa uaminifu wala hawaandiki kamwe. Mtoto asiachwe afikiri ya kuwa amekataliwa. Aelezwe kwa upole, naye azidi kuandika. Kama wasomaji wetu wana ndugu ng'ambo wanaofadhili mtoto wa nchi nyingine, twawasihi wawakumbushe neno hili: mtoto huyo anangoja. Nusu ukurasa juu ya kazi yao, mvua ya kwao na watoto wao watosha. Wasiandike juu ya ukubwa wa nyumba zao. Waulize habari za ndugu zake kwa majina, na swali alilouliza mtoto wasiliache bila jibu.

Mtoto naye hutoa

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliwaita watoto wawasaidie watoto wenzao wa nchi za mbali kwa sala na kwa sarafu ndogo. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo leo limo katika parokia zetu. Mtoto wa Maganzo atiaye sarafu yake katika sadaka ya Utoto Mtakatifu amekuwa mfadhili wa mtoto asiyemjua. Mwambieni hivyo anaposhika kalamu. Atajua ya kuwa anamwandikia mtu ambaye naye hutoa, kama yeye mwenyewe anavyotoa.

Basi twawaomba wazazi, walimu na makatekista jambo moja. Siku ya barua itakapofika tena, mwalimu na aufute ubao kwanza. Awaambie watoto wakae kimya kidogo, kila mmoja akumbuke jambo la wiki ile lililomfurahisha au lililomhuzunisha. Kisha awaache waandike, hata kama mistari imepinda. Mfadhili wa ng'ambo ana maneno mazuri ya kutosha katika magazeti yake. Yale ya mtoto huyu hawezi kuyapata mahali pengine popote.