Sungura Wanaogombea Chakula

Wenzangu, nanyi mliokwisha kutoka shuleni, wengi wenu mna sungura nyumbani. Nataka kuwaelezeni jambo lililonitesa muhula mzima, nalo ni ugomvi wa chakula baina ya sungura wawili waliozoeana.

Sungura wenyewe ni majike, ndugu wa tumbo moja, Majivu na Pamba. Tangu wadogo walilala wamebanana, wakirambana masikio. Hawakufugwa kwa kuliwa, bali kwa kupendwa na kwa kujifunza. Lakini kila jioni nilipotia pumba za mahindi katika bakuli la bati, Majivu alimrukia mwenziwe akikoroma, hata mkono wangu akauparura. Siku moja akampasua Pamba sikio, na tulipompima tukaona uzito wake umeshuka kutoka kilo 2.4 hadi 2.1. Hilo lilinitia hofu kuliko jeraha, maana sungura asiyekula kwa siku nzima yu hatarini: matumbo yake yakisimama, huweza kufa. Tena ikasemwa kwamba wasipopatana, mmoja ataingia chunguni sikukuu ya Pasaka.

Nilidhani Majivu ana roho mbaya, nikamtenga mbali siku nane ili ashike adabu. Kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe. Sungura hutambuana kwa harufu, na wakiachana siku kadhaa huweza kupokeana kama wageni. Nilipowarudisha pamoja walizungukana, manyoya yakaruka, wala safari hii hapakuwa na chakula cha kugombea.

Basi ikanibidi kutafuta chanzo. Sungura huyu wa kufugwa si Bakame wa hadithi za bibi zetu. Bakame ni sungura wa porini, apendaye kuishi peke yake. Huyu wetu asili yake ni Hispania na kusini ya Ufaransa, na jamaa zake wa mwituni hukaa makundi katika mashimo, wakiwa na wakubwa na wadogo wao. Alfajiri na jioni hutoka kula majani. Majani yametapakaa kila mahali, hata mkubwa hawezi kuyakalia yote, kwa hiyo hana haja ya kupigana. Pumba katika bakuli moja ni mambo mengine: ni tamu, ni chache, na kichwa kimoja chatosha kuliziba bakuli. Tazameni bwalo letu siku ya nyama, sufuria moja na upawa mmoja, mtaelewa.

Kwanza niliwapatanisha upya. Niliweka vizimba viwili ubavu kwa ubavu, waya katikati, nikabadilishana matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenziwe. Kisha niliwakutanisha kidogo kidogo katika baraza ambayo hakuna aliyepata kuikanyaga, maana mahali pageni hapana mwenyewe. Kazi hii ilichukua wiki mbili. Walipotaka kushikana niliingiza ufagio kati yao, wala si mkono.

Halafu nikabadili malisho. Nyasi kavu na majani ya tembo, tunayoyakata nyuma ya shule kwenye udongo mweusi wa volkano, sasa hayakosekani mchana wala usiku, nami huyatawanya banda zima. Pumba nimezipunguza, nazo hazikuwafaa sana, kwani zikizidi huharibu tumbo. Huziweka katika mabakuli mawili, kila moja pembe yake, na ubao umesimama kati ili asiyeshiba asimwone anayekula. Karoti, ambazo mashamba ya Rubavu hutupa kwa wingi, zina sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba chatosha, nami hukikatakata na kukitupa chini. Chakula kipya hukianza polepole, siku kwa siku.

Si kila ukali ni wa chakula, hata hivyo. Aliyekuwa mpole akigeuka ghafula, tazameni meno yake, maana meno ya sungura hukua maisha yote, na yakipinda humwumiza. Na jike anayejing'oa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni yamkini anadhani ana mimba, ingawa hana. Hali hiyo hupita baada ya siku 16 hadi 18 hivi. Mwacheni na nyasi zake.

Majivu angali humpokonya Pamba jani mdomoni. Pamba huokota jingine, akaendelea kutafuna. Hapo siingilii. Ningeingilia kama ningeona masikio yamelazwa nyuma, au mmoja akimfukuza mwenziwe asimwachie pa kukimbilia.

Juzi Pamba alikuwa na kilo 2.5, na Pasaka imepita. Mwaka huu namaliza kidato cha sita, basi ufunguo wa banda nimemkabidhi mvulana wa kidato cha tatu. Nimemwonyesha mahali pa mabakuli, na ule ubao, ambao alitaka kuutoa ili apate nafasi ya kufagia.