Kauli ya Kutendesha: Kumtembeza Mbwa Mzee

Kifungu cha kusoma

Mbwa akizeeka, viungo vyake hukakamaa na misuli hupungua nguvu. Hata hivyo, kumlaza kutwa humdhuru, kwani kiungo kisichotumika huzidi kukakamaa. Ni heri atembezwe mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kwa muda mfupi, kuliko kumchosha kwa safari moja ndefu. Mwenye mbwa humtoa asubuhi au jioni, kwa sababu mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, na jua kali humlemea. Humpitisha penye nyasi au udongo laini. Lami yenye joto huunguza nyayo. Huanza polepole, humpumzisha njiani na kumnywesha maji. Mbwa akibaki nyuma, akichechemea au akiketi, humrudisha nyumbani. Kesho yake akiinuka kwa shida, safari hupunguzwa. Hali hiyo ikiendelea, hupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Maelezo

Linganisha:

(a) Mbwa anatembea.
(b) Mzee anamtembeza mbwa.

Katika (a) mbwa ni kiima. Katika (b) mbwa amekuwa yambwa, na kiima ni yule asababishaye tendo. Kauli hii huundwa hivi:

1. Irabu mbili za mwisho hutenganishwa kwa *z*: poa – poza, ungua – unguza, tembea – tembeza.
2. Aghalabu *k* ya mwisho hugeuka *sh*: choka – chosha, pumzika – pumzisha.
3. Vitenzi vingine huongezwa *-ish-* au *-esh-*: pita – pitisha, rudi – rudisha, nywa – nywesha.

*Tanbihi:* Kukimbiza ni kumfanya mtu au mnyama akimbie, lakini pia ni kumfuata mbio ili kumkamata. Muktadha ndio uamuao.

Zoezi

1. Geuza katika kauli ya kutendesha, ukianza na "Mtoto": Mbwa alilala kivulini. Mbwa aliumia mguu. Mbwa alirudi nyumbani.
2. Eleza tofauti ya maana:
(a) Nilitembea na mbwa mzee, naye akachoka.
(b) Nilimtembeza mbwa mzee, nikamchosha.
Ni sentensi ipi ambayo msemaji anakiri kosa lake? Onyesha mofimu inayobeba ungamo hilo.