Dondoo Muhimu: Rangi Zikipauka Baada ya Kutoa Video

Kabla hujagusa rangi tena, fungua faili hilohilo katika VLC, kisha kwenye simu, kisha lipakie YouTube kama video ya faragha. Ikiwa limepauka kwenye QuickTime ya Mac pekee, huenda kazi yako iko salama. Mfumo wa Apple huonyesha Rec.709 kwa gama inayokaribia 1.96, ilhali wahariri wengi husawazisha rangi kwa 2.4. Ndiyo maana vivuli huwa vyepesi na ngozi hupoteza uhai.

Katika DaVinci Resolve kwenye Mac, washa chaguo la kutumia wasifu wa rangi wa Mac kwenye dirisha la kutazamia, na unapotoa video chagua alama ya gama ya Rec.709-A. Premiere Pro za karibuni zina mpangilio wa gama ya dirisha la kutazamia: 1.96 kwa QuickTime, 2.2 kwa mtandaoni, 2.4 kwa televisheni. Chagua kwa kufuata watazamaji wako walipo. Tafadhali usiongeze giza kwa kubahatisha ili QuickTime tu ipendeze. Ukifanya hivyo, kwenye simu za Android nyuso zitazama gizani, na ngozi nyeusi ndiyo huumia kwanza.

Weusi ukiwa kijivu kila unapofungulia, kagua viwango: video ya kawaida ya biti 8 hutumia 16 hadi 235, si 0 hadi 255. Video za iPhone zilizorekodiwa kwa HDR zigeuze kuwa Rec.709 kabla ya kuanza kusawazisha rangi.