Usiku wa pili Horombo usiuuze

Mtu wa Nyamwaga, Tarime, ukimtajia baridi ya Kilimanjaro anacheka. Kwao milimani kahawa inastawi na asubuhi watu wanaota moto. Lakini mji wa Tarime uko karibu mita 1,500 tu juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha chini kabisa katika njia ya Marangu, Mandara, kipo mita 2,700. Horombo ni 3,720. Kibo ni 4,700 na ushee. Baridi utaivalia sweta. Hewa nyepesi haina vazi. Kwa hiyo safari ya kupanda mlima huu ipange kwa kuhesabu usiku wa kulala, kilele kitafuata.

Marangu ndiyo njia ya Kilimanjaro ambayo mpandaji analala kitandani, siyo kwenye hema. Kampuni nyingi zinaiuza kwa siku tano. Nunua sita. Siku inayoongezeka ni ya kulala Horombo mara mbili: mchana unapandishwa hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, karibu mita 4,000, kisha unarudi kulala palepale. Mwili unajifunza hivyo, kwa kupanda juu na kulala chini. Ukibanwa na fedha, kodi koti, kodi begi la kulalia, chagua suruali za mitumba soko la Memorial pale Moshi. Usiku ule usiuguse.

Vibanda hupangwa kupitia kampuni yenye leseni, na hifadhi hairuhusu kupanda bila mwongozaji. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia analipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni. Kama unataka kuwa kileleni Desemba 9, weka nafasi mapema sana. Tangu Luteni Alexander Nyirenda apandishe Mwenge wa Uhuru pale mwaka 1961, siku hiyo ina wenyewe. Machi hadi Mei ni masika; achana nayo.

Kuelekea Moshi, ukipandia Mugumu, jirani na Tarime, basi la Arusha linakatiza Serengeti na Ngorongoro. Ulizia mapema kama kiingilio cha hifadhi kimo kwenye nauli. Ukifika Moshi, lala usiku mmoja kabla ya kwenda langoni. Mji ule uko chini kuliko Tarime, kwa hiyo hautakuzoesha mlima, ila utakupa miguu iliyopumzika.

Vibandani kuna godoro. Begi la kulalia ni lako. Horombo ni vijumba vya paa la mteremko, watu wachache kila kimoja. Kibo ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, na hapo ndipo maandalizi yanapopimwa. Unafika alasiri, unalazimishwa supu, unaambiwa lala, na saa tano usiku unaamshwa kuanza kupanda kileleni. Omba kitanda cha chini karibu na mlango: utakuwa umekunywa maji mengi, na choo kiko nje. Tochi ya kichwani ivae shingoni kabla hujalala. Simu na betri vilaze nawe ndani ya begi. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na ukiamshwa mdomo wa chupa utakuwa wazi. Kibo hakuna maji. Kila tone limebebwa na wagumu, yaani wapagazi, basi usinawe miguu.

Hamu ya kula itapotea. Mimi ningebeba kilo moja ya unga wa ulezi kutoka nyumbani na kumkabidhi mpishi, kwa kuwa uji unapita hata pale wali unapokwama.

Kichwa kikiuma kidogo, mwambie mwongozaji, kunywa maji, pumzika. Ukianza kuyumba kama mlevi, au pumzi ikikata hali umekaa, ni kushuka saa ileile, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana. Ubishi wetu wa Kikurya uuache getini.

Ukitoka kileleni hulali tena Kibo. Unapumzika kidogo, kisha unateremka hadi Horombo siku hiyohiyo, magoti yakilalamika. Bakshishi ya wagumu itie kwenye bahasha yake tangu Tarime, noti ndogondogo, kwa sababu huko juu hakuna wa kukuchenjia.