Pilau ya Maharage: Somo la Upishi

Muhula uliopita mvulana mmoja wa Kidato cha Pili aliandika insha juu ya sikukuu nyumbani kwao. Aliandika vizuri, lakini nilipofika ukurasa wa pili niliweka kalamu chini. Alisema kwamba mwaka ule mchele ulikuwapo, viungo vilikuwapo, hata kuni zilikuwapo, ila pilau haikupikwa kwa sababu hapakuwa na fedha ya nyama. Mama yao alipika wali mweupe, wakala kimya, na wadogo zake wakakaa mlangoni wakinusa harufu ya kwa jirani. Amenipa ruhusa niyaeleze haya bila kumtaja jina.

Nikajiuliza: Je, ni kweli kwamba penye mchele na viungo, pasipokuwa na nyama, hapana pilau? Swali hilo nililipeleka kwa wanafunzi wa upishi, nasi tukalifanyia kazi Jumamosi tatu. Haya ndiyo tuliyojifunza. Nayaandika kwa ajili ya wanafunzi, na pia kwa ajili ya wazazi wasomao gazeti letu, maana sufuria imo mikononi mwao.

ASILI YA PILAU

Wako watakaosema, "Pilau bila nyama si pilau." Hao tuwajibu kwa historia kidogo. Neno pilau asili yake ni Kiajemi, na chakula chenyewe kimeenea toka Uturuki hata Bara Hindi. Wairani hupika wali wa adesi, yaani dengu ndogo, wakautia zabibu na tende. Wahindi hupika pilau ya njegere, kwani kwao ziko nyumba nyingi ambazo nyama hailiwi kabisa kwa sababu ya dini. Watu hao hawajioni kwamba wamepungukiwa na kitu.

Hata viungo vyetu ni wageni waliokuja kwa vyombo vya bahari. Iliki na pilipili manga asili yake ni kusini mwa India, na mdalasini Sri Lanka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Unguja na Pemba zilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Viazi na maharage vimetoka bara la Amerika. Basi pilau haikuumbwa siku moja, wala haijapata kuwa ya namna moja. Kila pwani iliipokea ikaitia kilichokuwapo.

KWA NINI TULISHINDWA MARA YA KWANZA

Jumamosi ya kwanza tulifanya kosa ambalo wengi hulifanya: tuliiondoa nyama, na mahali pake hatukuweka kitu. Tukapata wali wa rangi ya majani makavu, na bizari iliyokwaruza koo. Msichana mmoja alionja akasema, "Mwalimu, huu ni wali wa mgonjwa." Tulicheka, lakini alisema kweli.

Tukakaa tukaorodhesha kazi ambazo nyama huzifanya katika sufuria ya pilau. Tuliziona tatu.

Kwanza, nyama hutoa supu. Mchele wa pilau haupikwi kwa maji matupu, bali kwa supu, nao huinywa ladha yake yote. Sisi tulitumia maji ya bomba.

Pili, nyama humlazimisha mpishi kusubiri. Wengi hudhani rangi ya pilau yatoka katika nyama au katika bizari. Sivyo, kwa sehemu kubwa yatoka katika vitunguu. Kitunguu kinapoanza kukaangwa kina maji mengi, na maji yakiwamo, joto lake haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yakiisha, joto hupanda, na ndipo sukari iliyomo katika kitunguu hushikamana na chembe za protini, zikafanya rangi ya kahawia na harufu nzuri. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hili mwaka 1912, na ndilo lile lile linaloupa rangi mkate na kahawa. Sisi, kwa kuwa hatukuwa na nyama ya kukaanga, tulivikaanga vitunguu dakika 5 tu tukatia maji.

Tatu, nyama ina mafuta. Harufu ya viungo imo katika mafuta ya asili ya viungo hivyo, na mafuta hayo huyeyuka katika mafuta mengine, hayayeyuki vizuri katika maji. Kiungo kilichotupwa katika maji hakitoi nusu ya harufu yake. Sisi tulivitupa majini.

Jumamosi ya pili tulitumia maharage na supu yake. Ladha ilikuja, lakini tulikisia maji kwa macho, tukapata bokoboko. Jumamosi ya tatu tulipima kila kitu, na sufuria ikarudi jikoni tupu, hata ukoko ulikuwa umegombaniwa.

VIPIMO VYA WATU 8

Mchele vikombe 5 (karibu kilo 1)
Maharage mekundu makavu nusu kilo
Vitunguu maji vikubwa 5
Kitunguu saumu kichwa 1
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole
Viazi vya kiasi 6
Mafuta ya kupikia robo tatu ya kikombe
Bizari nyembamba, ambayo wengine huiita bizari ya pilau, vijiko 4 vya chai
Pilipili manga kijiko 1 cha chai
Iliki 10, karafuu 10, mdalasini vijiti 2
Chumvi ya kutosha
Nazi 1, ukiwa nayo

Kikombe utakachopimia mchele ndicho hicho hicho upimie supu.

NAMNA YA KUPIKA

1. Usiku uliotangulia, chambua maharage, yaoshe na uyaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo.

2. Tia maji mapya yapite maharage kwa kina cha kiganja. Yachemshe kwa moto mkali, yatokote kwa nguvu, muda usiopungua dakika 10. Jambo hili lisipuuzwe. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iletayo kutapika na kuhara, na moto mdogo hauiondoi. Kisha punguza moto, uyapike mpaka yaive bila kupasuka. Yachuje, lakini usimwage supu; hiyo ndiyo badala ya supu ya nyama.

3. Osha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uuloweke nusu saa, uuchuje.

4. Twanga saumu na tangawizi pamoja. Twanga bizari na pilipili manga, zisiwe unga kabisa. Iliki zipasue tu. Karafuu na mdalasini viache vizima.

5. Pasha mafuta, ukaange viazi vilivyokatwa vipande viwili viwili mpaka vishike rangi. Vitoe uviweke kando.

6. Katika mafuta hayo tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Kaanga kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20, ukigeuza. Vitalainika, vitakuwa vya manjano, kisha vitafika rangi ya kahawia iliyokolea. Usivitoe kabla, wala usiviache viungue, maana vikiungua pilau itakuwa chungu. Kazi hii ndiyo nusu ya pilau. Mpishi wa haraka asiianze.

7. Tia iliki, karafuu na mdalasini, kisha saumu na tangawizi, kisha bizari na pilipili manga. Geuza dakika 1 au 2 mpaka harufu ijae jikoni.

8. Pima vikombe 7 na nusu vya supu ya maharage. Ikipungua, ongeza tui jepesi au maji ya moto. Mimina, tia chumvi na viazi, iache ichemke. Ionje sasa: iwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyopenda, maana mchele utaipunguza.

9. Tia mchele na maharage, geuza mara moja, funika. Supu ikikaribia kukauka, punguza moto, ugeuze taratibu kutoka chini, kisha funika vizuri na upalie makaa juu ya mfuniko. Acha dakika 20 bila kufunua.

Iliwe pamoja na kachumbari ya nyanya, vitunguu na ndimu.

FAIDA KWA MWILI

Mzazi aweza kuuliza: Je, mtoto akila hii bila nyama, mwili wake utajengwa? Jibu ni ndiyo, na sababu yake ni hii. Protini hufanywa kwa vipande vidogo, na mwili wahitaji vya kila aina. Mchele una upungufu wa kipande kiitwacho lisini, nayo maharage yana lisini nyingi. Maharage yana upungufu wa methionini, na mchele unayo zaidi. Basi kila kimoja hukijazia mwenzake. Hivyo wazee wetu waliokula wali kwa maharage hawakukosea, ingawa hawakuisoma sayansi hii.

Maharage yana madini ya chuma pia, lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama. Vitamini C huisaidia kazi hiyo, ndiyo maana kachumbari yenye ndimu si pambo tu. Chai, kwa upande wake, huizuia. Afadhali inywewe baadaye, isinywewe pamoja na chakula.

Niseme na hili ili nisimdanganye mtu. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hukosa vitamini B12, ambayo mimea haina, na yampasa kuipata kwa njia nyingine. Lakini kwa nyumba ambayo nyama yakosekana leo na kesho maziwa au dagaa hupatikana, hapana sababu ya hofu.

MWISHO

Yule mvulana aliuandika upishi huu katika daftari lake, akaenda nao likizo. Aliporudi nilimwuliza habari. Alisema walipika siku ya sikukuu, yeye akikaanga vitunguu na mama yake akisimama nyuma yake kumkataza asivitoe mapema. Wadogo zake hawakukaa mlangoni. Mama yake aliniletea salamu, na shauri moja: mwalimu apunguze karafuu, 10 ni nyingi, 6 zatosha. Mwenye jiko amesema. Nanyi jaribuni zote mbili, mtuambie muhula ujao.

MASWALI

1. Taja kazi tatu ambazo nyama huzifanya katika pilau, na ueleze ni kitu gani kilichoshika mahali pa kila moja katika upishi huu.
2. Kwa nini kitunguu hakipati rangi ya kahawia mpaka maji yake yaishe?
3. Mtu amepika maharage mekundu kwa moto mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Ni hatari gani iliyomo?
4. Eleza jinsi mchele na maharage yanavyosaidiana katika kujenga mwili.
5. Ukitaka kuwapikia watu 20, utahitaji vikombe vingapi vya mchele, na vingapi vya supu?
6. Mwulize mama au bibi nyumbani namna anavyojua kwamba vitunguu vimefika. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.