Mzigo wa Aishiye na Mlevi

Mvua zinyeshapo Iringa, mianzi hutoa ulanzi; na Mbeya komoni ya mahindi na ulezi hupikwa mwaka mzima. Habari za mlevi zimenenwa mara nyingi. Leo yatupasa kumtazama yule aishiye naye.

Mke huyu hulipa deni la kilabuni, humwambia mwajiri kwamba mume ana homa, huwanyamazisha watoto, wala hathubutu kufurahi mpaka aone mumewe ameamkaje. Adhani ndio upendo. Kumbe kila afichapo aibu humwondolea mume sababu ya kuacha, naye mwenyewe hupungua siku kwa siku.

Je, msaada watoka wapi? Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili walianza kusaidiana kuacha pombe. Wake za watu kama hao wakatambua kuwa nao wameumia kwa namna yao. Mwaka 1951 Lois Wilson na mwenzake wakaviunganisha vikundi vya jamaa za walevi, ndivyo viitwavyo Al-Anon. Mwaka 1986, huko Phoenix, vikaanzishwa vingine kwa kila aliyejipoteza katika maisha ya mwenzake, pombe iwepo au isiwepo.

Kanuni zao ni chache. Kwanza, lisemwalo humo hubaki humo. Pili, kila mtu hunena habari zake mwenyewe, wala hapana ahukumuye. Tatu, hakuna ada, ila mchango wa hiari. Tena hujifunza kwamba ulevi wa mwingine hawakuuanzisha, hawawezi kuutawala, wala kuuponya.

Mtu atasema: Hatuna jumuiya ndogo ndogo na vikoba? Tunavyo, na ni mwanzo mwema. Lakini humo yumo shemeji, yumo jirani, na siri hupata miguu. Basi yafaa wanawake wanne au watano wenye mzigo mmoja wachague saa yao na mahali pao.

Je, huko si kumtupa mume? La. Kumpikia chakula ni upendo; kumlipia deni la pombe ni kumnunulia kikombe kingine. Na palipo na kipigo, kikundi hakitoshi: aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Ndugu msomaji, ukimjua mwenye mzigo huo, usimwambie tu, "Vumilia." Mwulize, "Na wewe mwenyewe, hujambo?" Kisha umsikilize.